Kipimo cha Mama Mashine

Mama Mashine hakuwahi kushindwa mabishano, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Miaka nenda rudi alisaga nafaka za watu kwenye kibanda chake cha mabati, akipaza sauti kuushinda mngurumo, mpaka akasahau kunong'ona. Basi binti yake aliporudi kutoka kliniki na kichanga, macho mekundu, akasema mtoto amepimwa masikio mara mbili na mara zote hakusikia, bibi alicheka.

"Mume wangu huyu?" akasema, akimpokea mjukuu. "Mbona anasikia kuliko hao wapimaji?"

Ushahidi alikuwa nao. Kila siku alimlaza juu ya magunia kando ya mashine, naye akalala fofofo. Mashine ikizimwa tu, huyo, macho, analia. Wateja wote walishuhudia, wakasema mtoto kazaliwa na kazi yake. Sasa asiyesikia atajuaje kwamba kelele zimekoma? Wenye vyeti wajibu hilo kwanza.

Binti hakuwa na nguvu za kubishana. Alieleza tu alichoambiwa: kuna virusi ambavyo mjamzito anaweza kuvipata, akadhani ni vijihoma vya kawaida, akapona, kumbe vimeshamfikia mtoto tumboni na kuharibu masikio. Dawa ipo, huenda ikaokoa usikivu uliobaki, ila mkojo wa mtoto lazima upimwe kabla hajatimiza wiki tatu. Baada ya hapo haijulikani tena kama alizaliwa navyo au alivipata duniani. Na wiki tatu zilikuwa zinaisha kesho kutwa. Bibi akasema kumpa dawa kali mtoto asiyeumwa ni kutafuta balaa, na hakuna anayekwenda popote. Nyumba ilikuwa yake, kwa hiyo maneno yakaishia hapo.

Kesho yake adhuhuri, kibanda kimejaa watu na ndoo zao, binti alikuja na mtoto. Hakumlaza kwenye magunia. Alisimama naye nje, mbali kidogo na mlango, amempakata kifuani, akamwomba mama yake azime mashine.

Mama Mashine akaizima kwa mbwembwe, mikono kiunoni, akingoja kilio. Mtoto hakutikisika. Akaiwasha, akazima tena. Wapi! Mume amelala, ananyonya ulimi. Bibi akaiwasha mara ya tatu, safari hii akaweka kiganja juu ya magunia, na mtetemo wa sakafu ukampanda mpaka kwenye kiwiko. Ndipo alipoelewa. Mtoto alikuwa akibembelezwa na sakafu siku zote, na sakafu ikitulia anaamka. Maskini, moyo ulimwuma, na aibu ikamshika mbele za watu. Lakini Mama Mashine hata akishindwa hashindwi kimyakimya.

"Tumefunga," akawatangazia. "Anayetaka unga leo akatwange."

Hospitalini mkojo ulichukuliwa siku hiyohiyo, na majibu yalipotoka yakathibitisha. Daktari wa masikio, mama mmoja mwenye subira, akasema sikio la kulia halisikii tena, la kushoto linasikia kiasi, kwa hiyo dawa ianze mara moja na mtoto asilazwe tena karibu na mashine. Akaeleza kwamba virusi hivyo hukaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo, nao wanacheza tu, hawaumwi. Hapo binti akainamisha kichwa. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Mimba yote alishinda akiwafuta watoto mate na makamasi, na mkate walioubakiza akiumalizia yeye.

"Ni mimi niliyemletea," akasema.

Mama yake akamshika kidevu, akamwinua uso. "Ulikuwa unalea watoto wa watu. Tangu lini hilo likawa kosa? Kosa lilikuwa la mdomo wangu, nao umeshapata adabu yake. Futa machozi, tuna kazi."

Daktari aliwaonya kwamba dawa huenda isitoshe. Mtoto atahitaji kifaa cha kumsaidia kusikia, na nyumbani wamsemeshe wakimtazama usoni, tena watumie mikono. Bibi akamwambia kwa hilo la mikono asiwe na wasiwasi, maana katika kelele zile hajawahi kupatana bei ya kusaga kwa njia nyingine.

Wiki iliyofuata kazi ilirudi. Mtoto sasa alilala kwenye upenu wa nyumba, mapajani mwa mama yake, mbali na kibanda. Mteja mmoja mgeni akasimama mlangoni na ndoo yake, akawatazama, akaanza kusifia: mtoto gani huyu mtulivu, lori limepita na honi zake wala hakushtuka, hongera kwa malezi. Binti akaangalia chini. Mama Mashine akazima mashine, asije mtu akasema hakumsikia.

"Mume wangu hasikii vizuri," akasema, na foleni nzima ikageuka. "Zunguka uje mbele yake akuone, ndipo umsalimie."