Mpangaji wa Chumba Namba Nne

Jumatano moja, baada ya sala ya alasiri, Mize alikuwa uani akifuta vumbi dirisha la chumba namba nne. Mwalimu aliyekuwa akikaa humo alikuwa amehamishiwa Fukayosi. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, nyuma ya soko la Bagamoyo, na Mize ndiye aliyeisimamia. Hakutumia dalali. Aliyetaka chumba alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaulizwa maswali.

Mtu alibisha hodi. Mize akaitikia. Aliyeingia alikuwa Mikdad, mumewe, aliyefariki miaka minane nyuma. Sanda aliifunga vizuri kiunoni na begani, na mkononi alibeba mfuko wenye mwiko wa kuashia na pimamaji. Enzi za uhai wake alikuwa fundi mwashi.

"Nimesikia kuna chumba," alisema.

Mize alimsogezea kiti, akaenda kuleta daftari.

"Ulikuwa unakaa wapi?"

"Mlingotini, makaburini."

"Kwa muda gani?"

"Miaka minane na miezi miwili."

"Kwa nini unahama?"

Mikdad aliangalia mikono yake. "Pako kimya mno. Asubuhi nilikuwa nasikiliza kama nitasikia masufuria yako, sisikii."

Mize aliandika: kimya. La masufuria hakuliandika, ila kalamu ilisimama kidogo kabla ya swali lililofuata.

"Mtakuwa wangapi?"

"Peke yangu."

"Utapikia ndani?"

"Siku hizi sili."

"Nani atakudhamini?"

"Walioweza kunidhamini wengi wako kulekule."

Mize alifunga daftari, akamwambia atampa jibu Ijumaa. Hakuwahi kumpa mtu ufunguo siku ileile, hasa mtu aliyempendeza. Miaka ya nyuma alimpokea kijana mcheshi bila kumuuliza lolote, na kijana yule alihama alfajiri na balbu zote pamoja na mlango wa choo. Mikdad alisema ameelewa. Aliaga, akarudi Mlingotini kwa miguu.

Kesho yake Mize alipanda bodaboda akaenda Mlingotini. Alikuwa na desturi ya kwenda kuona mahali mpangaji alipokuwa akikaa. Barua huandikwa na rafiki, lakini chumba ulichokiacha hakikufichi. Kaburi la Mikdad alilikuta limefagiwa, kingo zimenyooka, na ufa wa upande wa kibla umezibwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Kaburi la jirani lilikuwa la Bi Tatu, mwanamke wa makamo ya nyanya yake, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe akisuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumuulizia Mikdad?"

"Ndiyo. Ni jirani wa namna gani?"

"Hana kelele, hagombi na mtu. Amenitengenezea na mimi hapa, bure." Bi Tatu aliukunja ukili wake. "Ila alikuwa hatulii. Kila siku ananiuliza ni saa ngapi huko mjini, na saa hizo watu wanafanya nini."

Mize aliyaandika yote mawili, la ujirani mwema na la kutotulia, akashukuru.

Ijumaa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwinyijuma, aliandika barua ya utambulisho. Aliandika kwamba mhusika anafahamika, hana kesi, na aliwahi kuujenga ukuta wa ofisi ya mtaa bila kudai nyongeza. Alipiga muhuri. Adila, fundi cherehani wa chumba namba tatu, aliuliza tu kama mpangaji mpya ataingia kwenye zamu ya kudeki choo. Aliambiwa ataingia.

Alasiri ile Mize alimpa Mikdad mkataba, nakala mbili. Mpangaji wake yeyote alitakiwa asome kila mstari kwa sauti kabla ya kutia sahihi. Mikdad alianza kusoma, akaishia mstari wa kwanza.

"Mwenye nyumba, Mahmoud," alisoma. Akarudia kimoyomoyo. "Jina lako liko wapi?"

"Hapo chini. Msimamizi."

"Na robo yako ya mirathi?"

"Nilipewa chumba namba moja nikae."

Mikdad aliuweka mkataba magotini. Kiwanja kile kilinunuliwa kwa bangili za Mize, zote tano. Tofali walifyatua wawili, yeye akishindilia, Mize akichota maji kisima cha pili, kwa sababu cha kwanza kilikuwa na chumvi. Mahmoud, mdogo wake, alikuwa Dar es Salaam wakati huo, na alikuja kuiona nyumba siku ya kuezeka.

Jumamosi Mahmoud alifika kwa gari lake. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mahmoud, nilipokuwa naumwa nilikwambia nyumba hii ni ya Mize."

"Uliniambia."

"Ukaniahidi."

"Nilikuahidi, kaka. Lakini hati imeshatoka kwa jina langu, na nyumba hii ndiyo inayosomesha wanangu." Aliongea kwa upole, huku akimtoa kaka yake jani lililoganda begani. "Wewe ukitaka kukaa, kaa. Sikuzuii. Ila ukae kama mpangaji."

Mikdad alikwenda kwa mwenyekiti kutoa ushahidi. Mzee Mwinyijuma alimsikiliza mpaka mwisho, akamtengea na kiti karibu na feni. Kisha alimweleza kwamba ushahidi huandikwa pamoja na namba ya kitambulisho, na chake kilirudishwa siku kilipochukuliwa cheti cha kifo. Alisema amesikitika, na alikuwa amesikitika kweli.

Mikdad akatia sahihi kama mpangaji. Kodi yake ilikuwa kuitengeneza nyumba. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja.

Mwaka ule alipiga lipu upya kuta za uani, akanyoosha ngazi, akaziba paa kabla ya masika. Jioni alikaa mlangoni kwa namba nne, na Mize alikaa mlangoni kwa namba moja, kamba ya nguo za Adila ikipita katikati. Ndoa yao iliisha siku alipofariki, na Mize alishakaa eda akaimaliza. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelitaja. Waliongea mambo ya nyumba. Mikdad angeuliza kama bomba la jikoni bado linavuja. Mize angejibu linavuja, hata lilipokuwa limekauka, na Mikdad angeinuka kwenda kulitazama, akipita karibu na kiti cha Mize.

Vyumba vya wapangaji Mize alivikagua mara moja kila miezi mitatu, kwa taarifa ya maandishi ya siku moja kabla. Namba nne aliona kinahitaji kukaguliwa kila Alhamisi. Taarifa aliipitisha chini ya mlango Jumatano. Alhamisi Mikdad alikuwa ameshatandika mkeka na kuufungua mlango wazi, kama heshima inavyotaka, na Mize alisimama katikati ya chumba akitazama kuta. Alikaa humo muda wa wali kuiva. Wali wake uliungua mara mbili.

Mwezi wa kumi na moja wa mkataba Mahmoud alipiga simu.

"Shemeji, nimepata mwanafunzi wa uvuvi pale Mbegani. Anataka namba nne. Mkataba wa kaka ukiisha, usimwongezee."

"Ametengeneza nyumba nzima."

"Ndiyo maana sasa inapangika vizuri. Mwandikie notisi."

Mize aliandika. Aliandika kama alivyowaandikia wengine, mwezi mmoja kabla, kwa lugha ya adabu, nakala mbili. Mikdad aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa.

"Wewe angalau wamekuachia namba moja?" aliuliza.

"Kwa sasa."

Siku ya kuhama alikuwa amefagia, amekunja mkeka, amesimama nje na mfuko wake. Mpangaji hakuruhusiwa kuondoka kabla chumba hakijakaguliwa na kukubaliwa. Mize aliingia saa tatu asubuhi. Alitazama dari. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alipitisha kiganja ukutani kutoka pembe hadi pembe, taratibu, akitafuta ufa, au tone la rangi, au msumari uliosahauliwa. Alipiga magoti akatazama nyuma ya mlango. Lipu ilikuwa laini kila mahali.

Mikdad alingoja bila kumharakisha. Adhana ya adhuhuri ilimkuta Mize bado yumo ndani, amesimama, kiganja ukutani.

Ilipokwisha aliandika kwamba chumba kiko sawa, akatia sahihi penye msimamizi. Mikdad aliaga, akashika njia ya Mlingotini.

Mwanafunzi alihamia Jumatatu. Aliulizwa maswali yote, na majibu yake yalikuwa mazuri.