Swali la Kumi na Tatu

"Ukitaka kwenda chooni, mama, nani anakushika?"

"Ninajishika mwenyewe."

Tunu aliandika maneno mengi kuliko jibu alilopewa. Levina akaitazama kalamu ikikimbia kwenye karatasi, akauvuta mkono wake wa kulia ndani zaidi ya kitenge.

Walikaa mlangoni mwa bani, lile banda la kukaushia, ambamo tumbaku iliyokwisha kukaushwa ilirundikwa ikisubiri kupangwa madaraja. Kwa miaka ishirini na sita, katika kijiji kile cha nje ya Urambo, hakuna aliyempita Levina kwa kazi hiyo. Wanaume waliliinua jani juani, wakaligeuza, wakabishana. Yeye alilipitisha vidoleni mara moja tu akajua ni la fungu gani. Kisha mumewe Mathias akafariki, na miezi miwili baadaye kiharusi kikamwangusha Levina hapo hapo kizingitini. Upande wa kulia wote ukazimika.

Miezi minane alikuwa akipelekwa kwa baiskeli kwenye chumba cha mazoezi cha kituo cha afya. Halafu tangazo likabandikwa mlangoni: chumba kimekuwa cha huduma za dharura, wagonjwa wa mazoezi watafuatwa majumbani. Ndiye huyu Tunu aliyemfuata. Binti mgeni, kitambulisho kipya shingoni, ameshuka kutoka kwenye pikipiki ya Mahona.

Hapo ndipo moyo wa Levina ulipoingia mchanga. Mahona ni mdogo wake marehemu Mathias. Juzi tu alikuja, akalizunguka bani akigongagonga kuta, akasema, "Shemeji, pumzika sasa. Watu wa afya wakishaandika hali yako, tutakaa kama ukoo tuone la kufanya."

"Na shamba hili," Tunu akauliza, "kwa sasa anayelisimamia ni nani?"

Levina alimfukuza kuku aliyekuwa akiparua mlangoni.

"Hilo nalo ni la mazoezi?"

"Ni... maswali tu, mama. Sasa weka dole gumba hapa chini."

"Niachie karatasi niisome."

"Haziruhusiwi kubaki."

"Basi na dole langu nalo haliruhusiwi."

Binti aliondoka na uso umemshuka. Levina alingoja mpaka muungurumo wa pikipiki ulipopotea, ndipo akautoa mkono kwenye kitenge na kuukunjua taratibu. Vidole viwili na gumba vilikuwa vimeanza kurudi. Wiki mbili sasa alikuwa akijifungia humo banini na kuvifundisha upya, jani kwa jani, wala hakumwambia mtu, hata binti yake Benedikta aliyeko Kanyenye. Siri hiyo alikuwa akiilinda kama yai.

Asubuhi iliyofuata alichukua fimbo na kuanza safari ya kituoni kwa miguu. Tangu augue hakuwahi kuvuka hata barabara ya kanisani peke yake. Alipumzika mara nne. Mara ya nne alikaa chini kabisa, akawa hana uhakika kama atainuka.

Alipofika, chumba chake hakukitambua. Vile vyuma viwili alivyokuwa akivishika kujifunza kutembea vilikuwa vimeng'olewa, sakafuni yamebaki matundu manne yaliyozibwa kwa saruji. Palikuwa na kitanda, na kitandani mtoto wa kike aliyekuwa akitupwatupwa na degedege. Mama yake alikuwa ukutani, viatu vimemvuka. Na aliyekuwa ameushika mkono wa mtoto wakati muuguzi akitafuta mshipa alikuwa Wilbroad, mtaalamu wake wa mazoezi.

Levina alikuja na maneno makali. Akasimama nayo mlangoni mpaka mtoto alipotulia na kuanza kulia kilio cha kawaida.

Wilbroad alitoka akijipangusa mikono. "Mama Benedikta! Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu. Daktari, yule binti ametumwa na nani?"

"Nimemtuma mimi."

"Mbona analetwa na shemeji yangu?"

"Hatuna usafiri, mama. Anaomba lifti kwa yeyote atakayemkuta njiani."

"Na swali la shamba langu, eti nani analisimamia, nalo umemtuma wewe?"

Wilbroad aliacha kujipangusa. Aliingia ndani, akarudi na fomu tupu, akamsomea yote polepole: kuvaa, kuoga, kula, kupanda ngazi. "Maswali ni kumi na mawili," akasema. "La shamba halimo."

Kisha, kwa sauti ya chini, akamweleza jambo lingine. Atakayeonekana anajiweza atatembelewa wiki nne tu, basi. Watumishi hawatoshi. "Kwa hiyo fikiri vizuri unachoonyesha, mama."

Levina alirudi nyumbani akilifikiria hilo njia nzima. Akiuficha mkono, mazoezi yataendelea, lakini karatasi itasema hajiwezi, na Mahona anaisubiri karatasi hiyo. Akiuonyesha, atabaki nao peke yake.

Ijumaa Tunu alikuja kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Swali la kumi na tatu ulilitoa wapi?"

Tunu alitazama chini. "Mzee Mahona aliniambia tukiwa njiani niliulize. Alisema ni mambo ya familia, mnaelewana. Nikaona nikikataa ni utovu wa adabu." Akaongeza, "Sikumpa jibu, mama. Hukunipa jibu."

Levina hakujua amwamini kiasi gani. Kisha akachukua simu.

"Shemeji, binti wa kituo yuko hapa. Njoo uchukue jibu lako."

Mahona alifika akicheka kama mtu aliyeitwa kula. Levina alikuwa ameketi juu ya gunia ndani ya bani, mkono wa kulia nje, wazi mapajani. Akafumba macho.

"Nipe jani. Lolote."

Kicheko kikapungua. Mahona alichomoa jani akampa. Vidole vilivyopooza vilitambaa juu yake, na kwa kitambo Levina hakusikia kitu, ganzi tupu, jasho likimtoka mgongoni. Kisha kitu kikafika, hafifu. "La juu ya mche. Fungu la kushoto." Mahona akampa la pili. "La chini, limechanika. Kule." La tatu Mahona alilitafuta kwa muda, chini kabisa ya rundo.

"Hili bado lina maji," Levina akasema. "Ukilifunga na mengine litaozesha robota zima. Litoe nje."

Mahona alilitoa nje. Hakurudi kuaga.

"Andika," Levina akasema.

"Nikiandika hivi, mama, mwisho wangu kuja ni mwezi ujao."

"Andika ulichokiona."

Tunu akaandika, safari hii maneno machache. Levina alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwa herufi zilizolala, na binti akaenda zake.

Alipobaki peke yake alichukua jani jingine aendelee na kazi. Vidole vililifumbata, kisha vikakataa kufunguka. Alivivuta kwa mkono wa kushoto; vikakaza zaidi. Angeweza kumwita Tunu, alikuwa hajafika mbali. Aliegemea ukuta wenye joto la mchana, jani likivunjikavunjika ndani ya ngumi, akangoja mkono wenyewe uamue.