Msumari kwenye Diski ya Vital

Mume wangu Vital anaimba vibaya. Nasema wazi, hata yeye anajua. Lakini kuna wimbo mmoja ambao anauimba vibaya kwa sababu yangu mimi, na jambo hilo alikuwa halijui mpaka Jumapili iliyopita.

Wimbo wenyewe ni wa nne, upande wa kwanza wa diski ya Radi ya Mokambo. Hao walikuwa vijana wa gitaa za umeme waliopiga roki pande zote mbili za mpaka, huku Katanga na kule Ndola, miaka ya sabini na kitu, nywele kama kichaka na suruali za kufagia barabara. Diski inaitwa Moto mu Mufuko. Vital aliinunua kabla hajaniona mimi, na siku nyingine nikimtazama anavyoipangusa nadhani hata angeniona mimi kwanza, angeinunua tu. Kiitikio kinasema: "Nipe mukono tupite mutoni, hata maji ikuwe mingi." Vital akinyoa ndevu, akimwagilia mchicha, hata siku moja kanisani padri alipochelewa, anaimba: "Nipe mukono tupi—mingi." Mto wote anauruka. Miaka thelathini na miwili anauruka, bila hata kusita.

Anaruka kwa sababu diski yake inaruka. Na diski inaruka kwa sababu niliikwaruza kwa msumari.

Usinihukumu kwanza. Kaa usikie.

Mwaka wa tisini na tatu tulikuwa tunakaa Likasi, mji wa migodi. Vital ni Mluba wa Kasai. Baba yake alikuja kwa kazi ya mgodi, yeye akazaliwa hukuhuku, na Kasai hakuwa anaijua hata rangi ya udongo wake. Mimi ni Mulamba, mtu wa hapa. Mwaka ule vijana walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakisema Wakasai warudi kwao, na wanawake kama mimi tuliambiwa tuchague: tubaki na watu wetu ao tufuate "bale", wale wa Kasai. Nilikuwa na mimba ya Jemima, miezi saba. Majirani tuliokuwa tunaazimana chumvi wakaanza kusimama chini ya madirisha yetu, kusikiliza ndani wanasema lugha gani.

Sasa wimbo wa pili wa diski ile uliimbwa kwa Kiluba cha Kasai, tangu mwanzo hadi mwisho. Na Vital, kila akitoka kazini, anaupiga kwa sauti mtaa mzima usikie. Nikamwambia, "Papa, punguza." Akanijibu, "Hapa ni kwangu." Kichwa cha yule mtu ni jiwe tupu.

Basi siku moja, yeye akiwa kazini, nikachukua msumari. Nilitaka kuua wimbo mmoja tu, ule wa Kiluba, nyimbo nyingine zibaki salama. Lakini Vital hakuruhusu mtu yeyote aguse tourne-disque yake, ile mashine ya kupigia diski, kwa hiyo sikuwahi hata mara moja kuweka sindano. Majina ya nyimbo yameandikwa kwenye karatasi ya katikati. Mimi nikasema, basi nyimbo zinaanzia pale kwenye karatasi, zinatoka kwenda nje, kama mtu anavyotoka nyumbani. Nikahesabu toka katikati: mmoja, wa pili. Nikakwaruza. Kumbe sindano inaanzia nje! Nyimbo ziko tano, na wa pili toka ndani ni wa nne toka nje. Ule wa Kiluba ukabaki mzima kabisa, na ule wa Kiswahili, anaoupenda kuliko vyote, nikautoboa tumbo.

Na wale vijana? Hawakufika kwetu. Walifika nyumba ya tatu wakageuka.

Jioni Vital akarudi, akaweka diski. Dada yake mdogo, Delphine, alikuwa anakaa kwetu. Miaka kumi na tisa, mpenda kucheza, na mara mbili Vital alikwisha kumkuta karibu na tourne-disque. Wimbo ulipofika mutoni ukaruka. Vital akamgeukia. "Ni weye?" Delphine akaangalia chini, hakujibu. Mimi nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini maneno yalikataa kutoka, nikaufunga tena. Vital akasema mengi, maneno ambayo mtu hamwambii dada yake, na mwisho akasema, "Toka kwangu."

Kesho yake Delphine akafunga nguo zake kwenye kitambaa, akaenda station ya gari-moshi kuungana na maelfu waliokuwa wanalala pale wakisubiri kupelekwa Kasai. Gari-moshi lile, asiyelijua awaulize walioshuka wazima. Walioshuka wameiva na homa ya njia watamweleza, na waliozika watoto kando ya reli watamweleza.

Delphine alishuka mzima, Mungu asifiwe. Akaolewa kule na mchuuzi wa samaki, miaka ikapita, wakarudi Katanga, wakakaa Kilwa, kule kwenye ziwa. Sisi tulikuwa tumekwisha hamia Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Kila baada ya miezi kadhaa anafika hapa na lori la samaki, lakini kwetu hatii mguu. Ila ananitumia samaki wakavu kwa mwanamke wa soko, wamefungwa vizuri: "Ya mulamu yangu." Mulamu ni mimi, muke ya kaka yake. Napika, nampa Vital, nasema nimenunua. Yeye anakula na kusifu. Mimi nikitafuna nasikia natafuna mawe.

Ndiyo hivyo nilivyoishi. Jina la Delphine halikutajwa nyumbani mwetu tena.

Sasa tufike Jumapili. Tuna mpangaji, Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo, anauza mafuta na biskuti kwa jumla. Chumba chetu cha mbele ndicho depo yake. Tangu mji wa Goma uanguke mikononi mwa waasi, dada yake aliyekuwa anakaa huko na watoto wake watatu walikuwa hawajulikani waliko. Wiki tatu Muhindo alipiga simu, haipiti. Alikonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Jumapili hiyo, tumetoka misa, akaingia anakimbia, kiatu kimoja mguuni.

"Iko muzima! Mama Jemima, iko muzima na batoto bote! Alipiga na simu ya muntu!"

Nilimkumbatia nikapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka ukuta. Vital alilia wazi, hakujificha. Kisha Muhindo akarudi depo, akaleta kitu bapa ndani ya gazeti.

"Papa Vital, hii niliikuta Ndola mwezi uliopita. Shikukuwa na roho ya kupana zawadi. Leo njo niko nayo ile roho."

Moto mu Mufuko. Mpya! Picha ileile, nywele zilezile, na kikaratasi kinachong'aa.

"Njo remasterisé," Muhindo akasema. "Bazungu balipata bande za zamani, balisafisha sauti yote, balichapa vinyle tena."

Vital aliishika kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Mimi nilienda jikoni. Nilienda kufanya nini, sijui. Nilisimama mbele ya sufuria, maana katika diski ile mpya mto ulikuwa haujarukwa, na mimi nilikuwa nimebeba msumari ule rohoni miaka yote hiyo.

"Mama Jemima! Kuya usikie!"

Nikaenda. Umeme ulikuwepo, bahati. Sindano ikashuka. Ee, sauti ilitoka safi, mpaka nikamsikia mpiga ngoma akivuta pumzi. Wimbo wa kwanza. Wa pili, wa Kiluba, Vital amefumba macho. Wa tatu. Wa nne ukaanza, na Vital akajiunga kwa nguvu zake zote: "Nipe mukono tupi—mingi!"

Lakini waimbaji walikuwa bado mutoni. Vital akainua sindano, amekasirika.

"Baliongeza maneno!"

Muhindo akacheka mpaka akashika ukuta. "Papa, habakuongeza. Ile yako njo iliharibika."

Vital akaangalia jina la wimbo kwenye karatasi. "Ni kweli," akasema. "Nilisahabu kama kulikuwa muto." Halafu, polepole, "Delphine njo aliiharibisha."

"Delphine njo nani?"

"Dada yangu. Iko Kilwa. Hatusemeshane tangu quatre-vingt-treize." Yaani tisini na tatu.

Muhindo aliacha kucheka. Ni kijana mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti, lakini siku hiyo alipandisha. "Kilwa? Papa, miye wiki tatu nilipiga simu haipite, shikulala, shikukula. Kwenu simu inapita, na hamupigiane? Juu ya diski?"

"Haina juu ya diski!" Vital naye akapaza. Kisha sauti ikamwishia. "Ni juu ya ile train. Miye njo nilimutuma mu ile train. Juu ya kintu cha plastique. Nitamuangalia na macho gani?"

Mimi nilifikiri miaka yote amemkasirikia. Kumbe alikuwa anaona haya, na haya ile ilikuwa yangu. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa na nguo za kupiga pasi, juu ya nguo zenyewe.

"Haina Delphine," nikasema. "Ni miye. Na musumari."

Nikasema yote. Madirisha, majirani, wimbo wa Kiluba, mimba, karatasi ya katikati. Sikumtazama. Nilitazama kiatu kimoja cha Muhindo. Nikamaliza. Vital alisimama, akatoa diski ya zamani kabatini, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akaweka kidole kwenye karatasi, akakisogeza kuelekea nje. Moja. Mbili. Kidole kikasimama juu ya mkwaruzo.

"Ulihesabia ndani," akasema.

"Ndiyo."

"Mama Jemima. Ulihesabia *ndani*!"

Na akaanza kucheka. Mzee wa miaka sabini, alicheka mpaka miwani ikaanguka, na Muhindo akacheka, na mimi nikataka kukasirika, maana nani alikataza watu wasiguse tourne-disque yake? Kama angenifundisha nisingekosea hesabu! Nikamwambia hivyohivyo. Akazidi kucheka. Halafu kicheko kikageuka, nikaona mabega yake yanatetemeka vingine.

"Juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa. Siku ile ungesema niko pamoja na bale benye kufukuza Bakasai."

Alifikiri. Huyu mtu ana ubaya wake, lakini uongo hana. "Ningesema vile," akakubali. "Kweli, siku ile ningesema vile, na ningekufukuza."

Namba ya Delphine nilikuwa nayo, nilipewa na yule mwanamke wa soko, nikaiandika nyuma ya kalenda, na sikuwahi kuipiga. Muhindo ndiye aliyeipiga, maana sisi wawili hatukuthubutu. Akaweka haut-parleur, sote tusikie. Ikaita. Ikapita.

"Allô? Nani?"

Vital alifungua mdomo, hakutoa kitu. Niliujua mdomo ule, ulikuwa wangu wa mwaka ule. Nikachukua simu.

"Delphine, ni mulamu yako. Kaka yako iko hapa. Ile diski, miye njo niliiharibisha. Haukuwa weye. Nimemuambia."

Kule Kilwa nilisikia jogoo, na mtu anapiga nyundo kwenye chuma. Kisha akasema, bila haraka:

"Ninajua, mulamu. Nilikuona."

"Ulinionaka?"

"Nilikuwa ku dirisha, na ndoo ya maji. Nilikuona na musumari."

"Na haukusema! Alikufukuza, na haukusema?"

"Ningesema, angekufukuza weye. Miye nilikuwa muntu wa kufukuzwa, leo ao kesho, haikukuwa kintu. Weye ulikuwa na tumbo. Ungeenda wapi?"

Nilipiga yowe. Nasema kweli, mpaka Mama Albertine wa jirani akachungulia akidhani kumefiwa. Nililia kwa uchungu, lakini ndani ya kilio kitu kilikuwa kinafunguka, pumzi inaingia mpaka chini, mahali ambapo haikuwa inafika tangu nikiwa na mimba ya Jemima.

Vital akanipokonya simu. "Delphine. Delphine, unisamehe."

"Yaya, kaka yangu, nilikusamehe zamani. Nilikuwa nangojea tu unitafute." Hapo sauti yake nayo ikavunjika kidogo. Akakohoa. "Mulamu, samaki yangu ulikuwa unakula?"

"Miye njo nilikuwa nakula!" Vital akapiga kelele, ndipo akanigeukia. "Ile ilikuwa ya Delphine?"

Muhindo alituambia mzee na mama, sasa inatosha kulia, unité ya simu itaisha. Delphine akasema basi tuweke ule wimbo asikie. Vital akarudisha sindano, akasogeza simu kwenye spika, na mkono wake mwingine ukaushika wangu. Kiitikio kikafika.

"Nipe mukono tupi—mingi!" tukaimba, mimi na yeye, kwa pamoja, kwa nguvu, wakati waimbaji wanavuka mto wao taratibu.

"Munaruka wapi?" Delphine akauliza kwenye simu, anacheka. "Mumeniacha mutoni!"

Vital akazima kicheko chake, akainama karibu na simu. "Ngoja," akasema. "Tunarudia."

Akainua sindano, akahesabu toka nje, akaiweka mwanzo wa wimbo wa nne. Safari hii hatukuruka; tulimsubiri Delphine mutoni.