Gitaa la Marehemu Hhando

Mimi sipendi mteja anayenifundisha kazi. Ndiyo maana Baltazar aliponipigia simu kutoka Babati kunieleza jinsi ya kutengeneza gitaa la marehemu baba yake, mzee Hhando, nilimwacha aongee weee huku nikipangusa mita yangu ya kupimia umeme. Alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, hadi skrubu ya mwisho. Alikuwa ameliahidi kwa kwaya moja ambayo sitaitaja, kulikabidhi siku ya jubilei yao, watu washike vichwa. Nikamwambia lilete, mengine niachie mimi Modest. Hapa Dongobesh redio zote zilizokufa zinapita mezani kwangu.

Aliyelileta ni dada yake mkubwa, Judica, mwalimu wa shule ya msingi hapahapa. Lilikuwa gitaa la besi la Kijapani, la umeme, nyuzi nne, zito, limepakwa rangi nyeupe ya mafuta, ile ya milango. Nikampa daftari aandike jina na namba ya simu. Sasa mdomo wangu hauna breki. Nilipouona ule mwandiko nikamuuliza wanafunzi wake wanasoma nini ubaoni, maana pale ni kama kuku kapita.

Hakucheka. Alisema yeye amezaliwa mashoto, na baba yake, huyuhuyu mwenye gitaa, alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa tangu hajaanza shule hadi darasa la tatu. Wakati wa kula umefungwa, wakati wa kuandika umefungwa. Watoto wengine walichapwa kidogo yakaisha, yeye alifungwa miaka. Mzee alifariki miaka mitatu iliyopita, na Judica hakuwahi kumuuliza sababu.

"Fundi, hiyo jubilei ni ya mdogo wangu," alisema. "Mimi kuna kitu kimoja nataka kujua kabla halijaondoka nyumbani. Mtu anayejua kupiga muziki, anaufungaje mkono wa mtoto wake?"

Nikamjibu kwamba gitaa halitoi habari za watu, arudi baada ya wiki mbili. Lakini lile swali lilinikaa kichwani.

Nikaanza kumenya rangi kwa thina na msasa, polepole, kwa sababu chini yake ilianza kuonekana rangi ya kiwandani, rangi ya asali inayokolea pembeni hadi kuwa nyeusi. Nzuri jamani. Nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu. Ila kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kukasirika, maana aliyelishika kabla yangu alikuwa kiumbe wa ajabu. Kifungo cha mkanda wa begani alikihamishia kwenye pembe ya chini ya gitaa, ambako mkanda haukai. Vichwa vya volyumu aliving'oa, vikabaki vijiti vitupu. Na kile kidaraja kidogo kule juu shingoni, chenye mifereji minne ya kupitishia nyuzi, alikichonga upya kwa pembe ya ng'ombe, tena kinyume. Mfereji mpana wa uzi mnene aliuweka upande wa uzi mwembamba. Nikasema hii ni kazi ya mlevi.

Basi mimi nikanyoosha. Kifungo nikakirudisha pembe ya juu, na lile tundu la chini nikaliziba kwa unga wa mbao na gundi hadi usingejua lilikuwepo. Vichwa vya volyumu nikaagiza Arusha vinavyofanana. Kidaraja nikachonga kingine kwa mfupa wa bucha, kila mfereji ukiwa upande wake. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na chuma changu cha kuchomelea nilikuwa nakipasha kwenye jiko la mkaa, kwa hiyo kile cha pembe nikakitupia humo humo. Kilinuka kama kwato. Nikajiona nimelisafisha gitaa uchafu wa mtu.

Kikabaki kitu kimoja. Kwenye ukingo wa chini, karibu na volyumu, rangi ya kiwandani ilikuwa imelika hadi mbao, upana wa kiganja. Hiyo siyo thina yangu, hapo pameliwa na ngozi ya mtu, mkono umelala mahali pamoja miaka na miaka. Umeme uliporudi nikaliunga kwenye spika, nikakaa, nikaliweka pajani na kupiga uzi mnene. Vioo vya duka la jirani vikatetemeka. Sauti safi. Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala ukingo wa juu, ambako rangi ilikuwa nzima kabisa. Nikajaribu kukaa vingine. Nikasimama. Nikaliinua, nikalishusha. Haikuingia akilini mtu apige besi vipi hadi kiwiko chake kikae kule chini.

Nilikaa nalo hivyo nusu saa, wateja wawili wakaondoka bila kuhudumiwa. Mwishowe nikaligeuza, shingo ikaelekea mkono wangu wa kulia. Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe na kulala palepale palipolika, ukaenea. Vile vichwa vya volyumu nilivyoagiza Arusha vikanichoma kwenye nyama ya mkono. Lile tundu nililoziba likawa juu, penye bega. Kila nilichokiita ulevi kikakaa mahali pake.

 Hhando mwenyewe alikuwa mashoto, na mimi nilikuwa nimekaa wiki nzima nikimfuta.

Mbona sikuliona hilo mapema? Kwa sababu miaka hamsini na mbili niliyoishi huku sijawahi kumwona mtu mzima akitumia kushoto mbele za watu. Chakula ni kulia, salamu ni kulia, kupokea ni kulia. Ukikuta kitu kimegeuka, unadhani kimekosewa. Ningeweza kunyamaza pia. Baltazar alitaka kama kiwandani, na kiwandani ndiko nilikolirudisha. Lakini yule mwalimu alikuwa ameniuliza swali, na jibu lake nilikuwa nimelitia kwenye mkaa. Nilimpigia simu huku najichukia.

Alikuja na mama yake, Mama Scolastica, aliyekuwa ameshuka kutoka Bashay kufuata dawa ya macho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa kiti. Kisha nikaligeuza gitaa mbele yao, nikaonyesha palipolika, nikaonyesha nilipoziba, na nikasema kidaraja nimekichoma kwa mikono yangu mwenyewe. Judica alikuwa ananiangalia mimi. Baadaye akamgeukia mama yake.

 Mama Scolastica alisema lile gitaa Hhando alilinunua alipokuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, ambako wafanyakazi walikuwa na bendi yao na hakuna aliyejali anapiga kwa mkono gani. Kile kidaraja alikichonga kwa pembe ya dume la ng'ombe la baba yake. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Aliporudi nyumbani alilipeleka kwenye kwaya, akapiga Jumapili moja tu. Wazee wakamwambia mkono wa kushoto hausifu mbele ya altare, apige kwa kulia au akae chini. Akajaribu kulia miezi mitatu, watoto wakamcheka. Wazee wakalichukua gitaa, wakalipaka rangi iliyobaki ya milango, wakampa mwingine, naye akaliona limepinduka, akashindwa. Wakamrudishia, akalipandisha darini. Ni kwaya hiyohiyo ya jubilei. Baltazar, aliyezaliwa baadaye, hakuambiwa kitu, kwa sababu mzee alikataza lisisemwe.

"Wewe ulikuwa unaanza kushika ugali," mama alimwambia binti yake. "Akaona unashika kwa kushoto. Akaniambia, huyu hawatamfukuza popote."

 Judica akalia, na alikuwa na hasira, nami sikumlaumu.

"Angeniambia tu," alisema. "Siku moja tu, angeniambia kwamba na yeye."

 Nilimhurumia Judica, nikamhurumia na yule mzee aliyepanda darini na furaha yake. Alipojifuta uso, Judica aliniuliza kama linaweza kurudi lilivyokuwa siku za Hhando. Nikamwambia linaweza, ila kidaraja lazima kichongwe kingine. Nikamkumbusha kwamba mdogo wake atanuna. Akasema anune, na kwaya itafute gitaa lake. Kidaraja alitaka akichonge yeye.

Nikabana mfupa kwenye jiliwa, nikaweka alama nne kwa penseli, ya mfereji mpana ikiwa upande wa pili, nikampa tupa ndogo. Akaipokea kwa kulia, kama tunavyopokea wote. Tupa ikateleza, ikakosa alama, ikakosa tena. Akasimama akiutazama mkono wake. Kisha akaihamishia kushoto, na ikaenda moja kwa moja.

Mama Scolastica alifungua mdomo kumkemea. Nililiona neno limeshafika kwenye midomo, mazoea ya miaka zaidi ya arobaini. Akaufunga, akasogeza kiti chake pembeni ili asimzibie mwanga.