Mashua Iliyozama Gatini

Mashua ya Mzee Lawama ilizama mchana kweupe, maji yametulia kama ya mtungini, ikiwa imefungwa gatini kwa kamba mbili. Haikuwa na abiria na haikugongwa na kitu. Ilishuka polepole mbele za watu, kama mama mjamzito anayetafuta pa kukaa, na waliokuwa karibu walipoacha kuduwaa wakakimbilia makopo, kilichobaki juu ya mto kilikuwa nguzo nne za turubai.

Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kule mlimani kwenye ofisi ya kivuko, amekaa kwenye benchi, akisubiri kuwapa wakubwa ukweli wao.

Jina la Lawama alipewa na manahodha wenzake, kwa sababu hata akiumwa na mbu alisema ofisi ndiyo imemtuma. Alilijua, na halikumkera. Safari hii, alisema, hata huyo mbu angetoa ushahidi. Ofisi iliamuru vyombo vyote vitolewe majini vikaguliwe na kupigwa namba mpya. Vikatolewa. Mkaguzi akasemekana yuko njiani, na njia yake ikawa ndefu kuliko ya konokono. Jua likakausha mbao, zikasinyaa, hata kati ya ubao na ubao ukaweza kupitisha ukucha. Mkaguzi alipofika hakuinama. Alipiga namba, akapiga miayo, akaondoka.

Sasa, mashua ya mbao iliyokauka hairudishwi majini ikaachwa. Kila mtu wa kivukoni anajua hilo. Kwanza inakunywa. Maji yanaingia kwenye kila ufa, na mtu anakaa ndani na upo, ile kata ya mti ya kutolea maji, anayafua na kuyafua nje hadi mbao zivimbe na kubanana. Ni kazi ya kutwa, na huwezi kumsukumia mwenzio, maana siku hiyo kila mwenzio anafua ya kwake. Miaka yote ilikuwa kazi ya mkewe. Alikuwa akiingia na kitu cha kutafuna, anafua huku akimsema mumewe na wakubwa wake kwa pamoja, na jioni mashua inaelea kavu. Hakuna aliyewahi kuiita kazi.

Mwaka huu mke hayupo. Amelala makaburini tangu mvua zilizopita. Mzee aliishusha mashua asubuhi, akaifunga, akayatazama maji yakianza kuingia, na hasira ikampanda kwamba yote haya ni uvivu wa mtu mmoja mwenye mshahara. Akapanda ofisini kumsema. Karani akamwambia mkubwa yuko kikaoni. Akajibu kwamba atasubiri, akasubiri.

"Wangenisikiliza mapema, ningerudi mapema," aliwaambia waliokwenda kumwita. Na maneno hayo hakuyabadilisha tena.

Wenzake waliinyanyua kwa mapipa matupu na kamba, wakaiegemeza ukingoni. Injini ilikuwa imejaa matope mpaka moyoni, haikuwa na maisha tena. Fundi seremala aliizunguka mashua akiigonga kwa vifundo vya vidole kama daktari kifuani kwa mgonjwa. Mbao mbili za ubavuni zilivunjwa na kamba wakati wa kuitoa, akasema, hizo atabadilisha. Nyingine, kuzama kumezitibu, zimevimba zimeshikana. Ila zisikae nje.

"Mzee, wewe endelea kufikiri," alisema. "Lakini jua linafikiri haraka kuliko wewe."

Mnunuzi alishapatikana, mwenye mkahawa wa njia panda. Alitaka kuikata mashua katikati kwa msumeno, nusu aisimamishe ukutani apange glasi, na nusu iwe meza ya kupokelea wageni. Alikuwa mtu mpole, jambo lililofanya awe mgumu kufukuzwa.

Binti wa Mzee Lawama alifika siku hiyo hiyo. Alimkuta baba yake chumbani, amekaa upande wake wa kitanda. Ule mwingine ulikuwa umetandikwa, mto umenyooka. Alianza kukunja mashati kabla hata ya kuketi. Alieleza kwamba nyumbani kwake nafasi ipo, mume wake hana neno, na mtu wa umri ule hapaswi kushindana na mto. Baba alijibu kwa kuanzia kwa mkaguzi, akapanda kwa karani, akamalizia kwa mkubwa wa wakubwa. Binti alimwacha afike mwisho.

"Mashua haina neno, Baba. Fundi kasema."

"Nimemsikia."

"Mimi nauliza kimoja tu. Ikirudi majini, nani atafua?"

Mzee alisema kama pale ofisini pangekuwa na watu wenye akili, swali hilo lisingekuwepo.

"Ofisi haitakuja kufua, Baba. Hata ukiwashinda."

"Nitawashinda."

"Utawashinda ukiwa umekaa kwenye benchi lao. Mashua nayo iko chini."

Mzee alitazama mashati yake. "Mama yako alikufundisha ulimi."

"Alinifundisha na kufua. Wewe hakukupata akufundishe, ulikuwa hukai."

Mzee aliinuka. Alivaa ndara, akasema anakwenda kuona huo ukuta.

Mwenye mkahawa alishauchora kwa chaki, umbo la mashua iliyosimama wima. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na jiko. Mzee aliweka kiganja katikati ya mchoro, akakiacha hapo. Ukuta ulikuwa wa moto. Akamwambia mwenye mkahawa kwamba mbao zile zikikaa hapa zitapasuka zote, moja baada ya nyingine.

"Hiyo usijali, mzee wangu," yule alisema. "Wageni wanapenda nyufa."

Mzee alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akamshukuru, akamwambia atafute mashua ya mtu mwingine.

Fundi alichukua ile injini akavune vyuma, iwe ndiyo ujira wake, akapigilia mbao mbili na kuziba viungo kwa pamba na mafuta. Mbao mpya zilikuwa kavu na nyingine zilishaanza kusinyaa tena; mashua ikashuka mtoni na makasia, kama zamani. Mzee akaingia na upo, akakaa, akaanza kufua.

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, ndipo tarishi wa ofisi akatokea gatini. Mkubwa ana nafasi, alisema, tena ni sasa hivi, kesho anasafiri. Malalamiko yatasikilizwa.

Mzee akasimama. Maneno alikuwa nayo yote, yamepangwa tangu mkaguzi alipopiga miayo. Alitazama juu, kwenye dirisha lenye pazia, kisha akatazama chini. Kwa muda ule mdogo aliosimama, maji yalikuwa yamepanda. Akakaa tena.

"Mwambie ashuke. Nitamweleza huku nafua."

"Mkubwa hashuki, mzee."

"Basi hatasikia."

Tarishi akarudi. Binti, aliyekuwa amesimama na viatu mkononi, alipanda, akachukua kopo, akafua upande wa pili. Baba naye alikuwa akimtukana mkaguzi, karani na aliyewaajiri, tusi moja kwa kila upo.

"Mwakani wakiamuru tena," binti alisema baadaye, "nipigie siku moja kabla."

Alasiri upo ulianza kukwaruza mbao. Kule juu karani alikuwa anafunga madirisha.