Mguu Wenye Joto

Dada yangu Batul alikuwa na kichwa kigumu kuliko reli zote za mji wetu wa Atbara, Sudan, na mimi Sittana nimegombana naye maisha yangu yote. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, na chai bado akinywa ya sukari tele. Ukimsema, anakwambia, "Nipunguzie kelele, si wewe unayeumwa."

Mwaka ule mumewe Babikir alikuwa anarudi kutoka Jedda, baada ya miaka minne. Batul akapagawa. Kila jioni anajifukiza juu ya shimo la moshi wa kuni za mti wa talha, anajipaka manukato, anamwita mwanamke wa kumpaka hina. Hina yetu ya mke wa mtu ni nyeusi tii, inajaa wayo na vidole vyote. Mjane haigusi.

Siku anapakwa niliona lengelenge chini ya gumba la mguu.

"Dada, hili nini tena?"

"Kiatu kipya."

"Haliumi?"

"Hata kidogo."

"Hilo ndilo linalonitisha! Kliniki kwanza, hina baadaye."

"Lete mkono hapa." Akauweka juu ya mguu wake. "Umeona? Mkono wako umepoa kama wa maiti, mguu wangu unawaka. Mguu wenye damu namna hii utaoza vipi, ewe mwenye domo?"

Wallahi, ulikuwa na joto. Mishipa imetutumka, inadunda chini ya vidole vyangu. Ngozi tu ndiyo ilikuwa kavu, imepasuka kisiginoni. Nikanuna, na yule wa hina akaendelea na kazi yake.

Babikir akaja, wageni wakajaa, hina ikarudiwa juu ya hina. Baadaye Batul akashikwa na homa, akasema ni uchovu wa kupika. Babikir ndiye aliyenifuata jikoni, macho chini.

"Shemeji, nisamehe. Kuna harufu chumbani, na si ya manukato."

Hospitalini daktari, binti anayeitwa Isra, aliushika mguu ule akashindwa kujua hina inaishia wapi na nyama iliyokufa inaanzia wapi. Weusi ulikuwa mmoja. Akabonyeza gumba, kidole chake kikazama. Batul anamtazama tu, hana habari.

"Mwanangu, mbona mguu una joto?" Batul akauliza.

"Joto ndilo lililowadanganya, mama. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoiambia ile ya damu lini ifunguke na lini ijifunge. Sukari imeiua hiyo ya fahamu. Sasa damu inashuka mbio, inapita njia za mkato, inapanda tena. Nyama ya vidole haipati kitu. Mguu una damu tele na unakufa njaa."

Batul akanigeukia. Nilikuwa na maneno ya kumtolea, ya miaka yote ile. Badala yake nikalia kama mtoto, naye akanishika mkono.

"Usilie, Sittana. Mwambie Babikir asiniangalie wakinitoa chumba cha upasuaji."

Walimkata chini ya goti.

Kwetu kiungo huzikwa, na wanawake hatuendi makaburini. Babikir akakabidhiwa mguu wa mkewe umevishwa sanda, akaupakata juani mpaka makaburini, peke yake. Aliporudi, miguu yake imejaa vumbi, Batul alikuwa macho akimngoja.

"Umeusomea nini?"

Babikir akakaa pembeni ya kitanda. "Nimesimama pale nimeshindwa. Niuombee rehema kama maiti, na mwenyewe uko hai? Nikauambia tu, tangulia wewe, lakini mwenzako usimwite upesi."

Batul akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe, halafu akauficha uso wake kwenye kanzu ya mumewe. Mimi nikatoka nje, maana roho ilikuwa inanipasuka.

Mguu wa pili ukaanza vilevile, kisha moyo ukachoka. Kabla ya Ramadhani Babikir alikwenda tena makaburini, safari hii na watu, wamebeba jeneza.