Upepo wa Nyota na Jani la Isale

Desemba 1999 nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi Machame kusubiri ajira ya ualimu. Kaka yangu Godlove hakuwapo nyumbani. Mwaka uliotangulia, bei ya kahawa ilipoanguka, alikata mibuni ya Baba ili apande nyanya, na Baba akamwambia asikanyage tena kihamba chake, shamba la urithi linalozunguka nyumba. Sasa Krismasi ilikaribia, watu wanarudi mlimani kutoka kila mji, na kila gari lilipopita Baba aliinua kichwa.

Mchana mmoja ilikuwa zamu yetu ya maji ya mfereji. Baba akaniuliza nilisomea nini hasa. Nikamwonyesha maji yanayoangukia jiwe la kufulia: katikati yanatawanyika upesi, membamba, kisha ghafla yanapunguza mwendo na kufanya duara lenye ukingo mnene. Nikamweleza kwamba nyota kubwa nayo hupuliza upepo kutoka mwilini mwake. Upepo huo hugongana na gesi iliyotanda angani, hupungua kasi, hupata joto kali, na gesi iliyosukumwa hurundikana pembeni kama ganda linalong'aa.

"Kumbe tumekusomesha jiwe la kufulia," akasema, akacheka. Kisha akauliza: "Na huo upepo, hurudi kwenye nyota?"

"Haurudi, Baba. Ila kule pembeni, gesi ikibanwa sana, nyota nyingine zinaweza kuzaliwa."

Alitazama maji kwa muda. Halafu akaenda kwenye ua wa mpakani, akakata jani la isale, akalipiga fundo. Kwetu jani hilo ni ombi la msamaha, na anayepelekewa hakatai. Lakini mtoto ndiye humpelekea mzazi. Sikuwahi kuona mzazi akimpelekea mtoto.

"Mpelekee kaka yako," akasema, akanipa mgongo.

Nilimkuta Godlove sokoni Bomang'ombe, akitundika mitumba. Alinitania kwamba msomi amekuja kununua koti la mahojiano. Nilipotoa jani, utani ulikwisha. Aliligeuza, akaliona fundo limeelekea kushoto, kama mafundo yote ya Baba.

"Amelifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akalitia mfuko wa shati, juu ya moyo. Mteja aliyekuwa akisubiri akachoka, akaondoka.

"Vile visiki vya kahawa," akauliza taratibu, "aliving'oa?"

"Hapana. Vimechipua. Baba anavimwagilia."

Godlove akaanza kutungua nguo, moja moja, ingawa jua lilikuwa bado juu.